Kampuni ya Simu na Gari la Umeme: Nani Atakuwepo Mwaka wa Kumi na Tano?

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa uhandisi na wenzenu wa biashara, habari za jioni.

Mada niliyopewa ni swali: je, kampuni inayouza simu na vifaa vya nyumbani ijiingize kwenye kutengeneza gari la umeme? Waandaaji waliniomba nisikae katikati, kwa hiyo jibu nalitoa mapema. Nyingi zisithubutu. Chache sana zinaweza, na hizo chache zikubali kwamba zikishaingia hazitakuwa tena kampuni za simu. Nitaeleza kwa nini, na asiyekubaliana nami ruksa kuguna.

Swali lenyewe ni la zamani kuliko wengi wenu. Januari 1985, Clive Sinclair, Mwingereza aliyetajirika kwa kompyuta ndogo za nyumbani zilizoitwa ZX Spectrum, alizindua chombo cha umeme cha magurudumu matatu kwa jina la C5. Bei ilikuwa pauni 399. Hakikuwa na paa, usukani ulikaa chini ya magoti ya dereva, na kilikuwa na pedali za kukisaidia kinapokutana na mlima. Mtu mwenye akili zake alikizindua Uingereza, Januari, kwenye baridi na matope, chombo kisicho na paa! Kiliundwa katika kiwanda cha Hoover huko Merthyr Tydfil, kiwanda cha mashine za kufulia, na watu wakavumisha kwamba hata mota yake imetolewa kwenye mashine ya kufulia. Haikuwa kweli, mota ilitoka Italia, lakini uvumi ukishapata mguu haukamatiki. Kufikia Agosti mwaka uleule uzalishaji ulikuwa umesimama. Vilitengenezwa takriban 14,000, na vilivyopata wanunuzi kabla kampuni haijaanguka ni kama 5,000.

Naanza na Sinclair kwa sababu hakuwa mjinga. Alijua elektroniki kuliko karibu kila mtu nchini mwake. Alichofanya ni kuamini kwamba kwa vile ameshusha bei ya kompyuta, atashusha bei ya usafiri kwa njia ileile. Imani hiyo haijafa.

Ikamrudia James Dyson, yule wa mashine za kufyonza vumbi. Mwaka 2017 alitangaza kwamba anatengeneza gari la umeme, na 2018 akachagua Singapore kuwa mahali pa kiwanda. Oktoba 2019 akalifuta. Baadaye alisema mwenyewe kwamba alikuwa ameshatumia pauni milioni 500 za mfuko wake, na kwamba ili asipate hasara ingebidi kila gari liuzwe pauni 150,000. Gari lilikuwepo, la viti saba, na yeye aliliendesha. Nawaomba wahandisi mshike hilo: gari halikushindikana. Lililoshindikana ni hesabu.

Sasa tuje kwa wakubwa, maana hapo ndipo pana nyama. Nataka tuzitazame Apple na Xiaomi kwa pamoja, kwa sababu zilifika kwenye njia panda moja katika majira yaleyale na kila moja ikashika njia yake.

Apple ilianza mradi wake kimyakimya mwaka 2014. Ndani ya kampuni uliitwa Titan. Kwa muda wa miaka kumi haikutoka hadharani kusema "tunatengeneza gari", ila kila mtu alijua, maana kampuni haiajiri mamia ya watu wa breki, bodi na betri kwa ajili ya simu. Viongozi wa mradi walibadilishwa mara kadhaa. Na kila kiongozi akija, gari nalo linabadilika: leo litajiendesha lenyewe kabisa na halihitaji usukani, kesho linarudi na usukani, keshokutwa tuache gari tutengeneze mfumo wa kuliendesha tu. Mwanzoni mwa 2021 Hyundai ilikiri kwamba kulikuwa na mazungumzo ya awali, na wiki chache baadaye ikasema hakuna mazungumzo yoyote. Februari 2024 wafanyakazi wapatao 2,000 wakaitwa wakaambiwa basi, imekwisha. Wengi wakahamishiwa kwenye akili unde. Magazeti ya Marekani yaliandika kwamba zaidi ya dola bilioni 10 zilikuwa zimeshaliwa.

Wengi husema Apple ilishindwa na teknolojia, na kwamba kujiendesha ni kugumu. Ni kugumu kweli. Lakini wanafunzi wa biashara, chukueni kalamu. Mwaka 2024, katika kila dola 100 za mauzo, Apple ikishalipa gharama ya kuzalisha bidhaa ilibakiwa na kama dola 46. Hiyo ndiyo faida ghafi. Mtengenezaji wa magari wa kawaida hubakiwa na chini ya 20, na kwenye hizo bado hajalipa utafiti, matangazo, wala riba. Maana yake, gari la Apple hata kama lingefaulu, likapendwa, likauzwa, lingeiteremsha kampuni kutoka pale wenye hisa walipozoea kuiona. Mhasibu wao angefurahi zaidi kuuza vipokea sauti vya masikioni. Wahenga walishasema usiache mbachao kwa msala upitao, na mbachao wa Apple ni wa hariri.

Xiaomi je? Hawa mnawafahamu, Redmi zao zimejaa Kariakoo. Ni kampuni iliyolelewa kwenye faida nyembamba. Mwaka 2018 mwanzilishi wake, Lei Jun, aliahidi hadharani kwamba faida halisi ya vifaa vyao haitazidi asilimia 5, na ikizidi itarudishwa kwa wateja. Kwa mtu wa namna hiyo, biashara ya magari haitishi. Faida ya magari kwake ni ya kawaida, pengine hata nono.

Na kuna la kusukumwa. Januari 2021 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliiweka Xiaomi kwenye orodha ya makampuni yanayohusishwa na jeshi la China. Mei iliondolewa, lakini hofu ilikuwa imeshaingia. Kampuni inayoishi kwa simu peke yake inaweza kuamka asubuhi moja imekatiwa vipuri. Tarehe 30 Machi mwaka huo Lei Jun alipanda jukwaani akatangaza kwamba wataweka dola bilioni 10 kwa miaka kumi, na kwamba hii itakuwa kazi kubwa ya mwisho ya maisha yake ya biashara. Machi 28, 2024, mwezi mmoja tu baada ya Apple kufuta mradi wake, akazindua SU7 kwa bei ya kuanzia yuani 215,900. Ndani ya dakika 27 zikaingia oda 50,000. Mwaka huohuo wakakabidhi magari zaidi ya 135,000, na mwaka 2025 zaidi ya 400,000.

Kwa hiyo mtu ataniambia: si umeona? Inawezekana!

Inawezekana, ndiyo. Ila tazameni alikuwa amesimama wapi. Betri za gari la bei ya chini zilitoka kwa kampuni tanzu ya BYD, za lile la juu zikatoka CATL, na wakubwa hao wa betri wote wako nchini mwake. Kiwanda kiko Beijing, na watu waliokwishafanya kazi hiyo kwingine walikuwepo wa kuajiri. Serikali inaitaka biashara hiyo. Wateja wana simu zake, mashine zake za kufulia, taa zake, hata jiko la wali, na wanamwamini kwa bei. Na pamoja na hayo yote, mwaka 2024 upande wa magari ulikula hasara ya yuani bilioni 6.2. Faida ya kwanza ilionekana robo ya tatu ya 2025, yuani milioni 700. Ni miaka minne na nusu tangu tangazo, chini ya mwanzilishi ambaye hakuna bodi ya kumwondoa, katika nchi yenye mnyororo wa betri mkubwa kuliko wote duniani. Ukiondoa sharti moja tu kati ya hayo sijui kama ningeweka hata shilingi yangu.

Mwenyekiti, niruhusu nikae kidogo kwenye tukio moja, maana hapa nadhani ndipo swali letu linapoacha kuwa la fedha.

Usiku wa Machi 29, 2025, SU7 moja ilikuwa kwenye barabara kuu karibu na Tongling, mkoa wa Anhui. Ndani walikuwemo wanafunzi watatu wa chuo, wasichana. Gari lilikuwa kwenye mfumo wa kusaidia kuendesha, kasi kilomita 116 kwa saa. Mbele kulikuwa na matengenezo ya barabara, njia imefungwa, magari yanahamishiwa upande wa pili. Kwa mujibu wa taarifa iliyotolewa na Xiaomi yenyewe, mfumo uliona kizuizi, ukatoa onyo, ukaanza kupunguza mwendo. Dereva akashika usukani. Kutoka onyo lilipotolewa hadi gari kugonga kizuizi cha zege, kwa kasi ya kilomita 97 hivi, zilipita sekunde mbili hadi nne. Wote watatu walifariki.

Sekunde mbili. Mhandisi wa simu akiambiwa programu inachelewa sekunde mbili, anaandika kwenye orodha ya kasoro, anaendelea na chai. Nimeishi na watu wa programu, nawapenda, lakini utamaduni wao ni wa kutoa bidhaa mapema na kurekebisha baadaye, na mteja ndiye anayewaonyesha penye tatizo. Kwenye simu utamaduni huo umetuletea mambo mazuri sana. Kwenye barabara, mteja anayekuonyesha tatizo anaweza asiwepo kesho.

Septemba mwaka uleule, mamlaka ya China ilitangaza kwamba SU7 zaidi ya 116,000 zinarekebishwa kwa sababu ya mfumo uleule wa kusaidia kuendesha. Marekebisho yalitumwa kwa mtandao, hakuna gari lililopelekwa gereji. Hapo niwatendee haki: huo ni uwezo ambao watengenezaji wengi wakongwe wa magari hawana, au wanao kwa kuchechemea. Kampuni ya teknolojia ikikosea, inaweza kusahihisha magari laki moja usiku mmoja. Tatizo ni kwamba urahisi wa kusahihisha humfanya mtu asiogope kukosea.

Sasa nije kwenye ninalolijua kwa mikono yangu, nalo ndilo linalonifanya niwe mgumu kwenye jambo hili.

Simu yako ikifika mwaka wa saba, hata iliyo bora, mtengenezaji anaacha kuisasishia programu. Hakuna anayelia, ulishanunua nyingine. Gari likifika mwaka wa saba ndiyo kwanza linapakiwa melini kuja kwetu. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane. Hapa Tanzania linapokelewa, ila kodi inapanda. Kisha gari hilo linaanza maisha mapya: mwenye gari wa pili, wa tatu, teksi ya mtandaoni, halafu linahamia mkoani. Kwa hiyo ninapoulizwa kama kampuni fulani ijenge gari, mimi simfikirii mnunuzi wa kwanza wa Beijing au California. Namfikiria wa tatu, aliyeko Morogoro.

Nendeni gereji yoyote ya hapa mjini inayopokea haibridi, magari ya petroli na umeme kwa pamoja, muone Toyota Aqua ikifunguliwa. Kiti cha nyuma kinatolewa. Fundi anavaa glavu za mpira, anachomoa plagi ya usalama, anasubiri umeme ushuke. Anatoa kasha la betri, analiweka mezani, anapanga moduli 20, yaani vipande vinavyounda betri, kama zilivyo, kila moja ya volti 7.2. Anapima moja moja kwa mita. Kumi na nane zinalingana, mbili zimelala. Anazitoa hizo mbili, anachukua nyingine kwenye betri ya gari lililogongwa, anasugua vipande vya shaba vilivyoota kutu ya kijani, anafunga, anafuta taarifa ya hitilafu kwa kifaa cha kusomea, gari linaondoka. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu aliyelibuni gari lile aliacha mahali pa kufungulia.

Magari mapya ya umeme yanaelekea kwingine. Kwenye SU7, kama ilivyo kwa baadhi ya Tesla na BYD za karibuni, betri ni sehemu ya sakafu ya bodi yenyewe. Inapunguza uzito, inaongeza nafasi, inaimarisha bodi. Kama mhandisi ninaisifu. Kama mtu wa gereji najiuliza moduli mbili zikilala nitaingilia wapi. Na hata nikipata pa kuingilia, gari litakubali kifaa nilichokifunga, au litasubiri ruhusa ya seva iliyoko nchi nyingine?

Si hofu ya kubuni. Fisker ya California iliunda gari la umeme liitwalo Ocean. Haikuwa na kiwanda chake. Gari lilitengenezwa na Magna huko Graz, Austria, mtengenezaji anayeheshimika. Nalitaja hasa kwa sababu ndilo jibu ambalo kila kampuni ya simu hulitoa: sisi tutabuni, kiwanda atatafutwa mwenye nacho, kama tunavyofanya kwenye simu. Juni 2024 Fisker ikafilisika. Kampuni moja ya New York inayokodisha magari kwa madereva wa teksi ilinunua yaliyobaki, zaidi ya 3,000, na ikajikuta inahangaika na jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria kwenye bei: jinsi ya kupata mawasiliano ya magari hayo na seva zake za zamani. Bodi nzima, matairi mapya, betri nzuri, na bado unabembeleza kompyuta ya marehemu. Magna alifanya kazi yake vizuri. Kiwanda cha kukodi kinakupa gari. Hakikupi mtu wa kulihudumia miaka kumi na tano.

Kuna aliyeniuliza pale nje kabla hatujaingia: basi BYD nayo tuiiteje? Swali zuri, na linanibana. BYD ilianza 1995 Shenzhen ikitengeneza betri za simu, ikawauzia Motorola na Nokia. Mwaka 2003 mwanzilishi wake, Wang Chuanfu, akanunua kampuni ndogo ya magari iliyokuwa inasuasua, na wenye hisa wakakimbia, bei ya hisa ikaporomoka. Leo ni miongoni mwa wakubwa wa magari ya umeme duniani. Nakubali, ni mfano dhidi yangu. Lakini BYD haikuwa ikiuza jina na urembo. Ilikuwa ikiuza betri, na betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote kwenye gari la umeme. Iliingia na kitu ambacho wenye magari hawakuwa nacho. Na ilijifunza kwa takriban miaka ishirini, kuanzia kwenye magari ambayo kwa kweli hayakuwa mazuri, kabla dunia haijaanza kuliona jina lake. Ni mkurugenzi gani wa kampuni ya simu leo atawaambia wawekezaji wamsubiri miaka ishirini?

Ndiyo maana namwelewa zaidi Huawei. Alitangaza kwamba hatengenezi gari, kisha akaingia kwenye magari ya wenzake kwa kuwauzia mifumo: kompyuta, vihisi, programu ya kuendesha, hata nafasi ya kuuzia kwenye maduka yake. Seres, mtengenezaji wa magari wa China, anajenga, Huawei anaweka ubongo. Google nao walifika hapo kwa njia yao. Waliwahi kuunda kigari cha duara kisicho na usukani, wakakistaafisha 2017, na Waymo, kampuni yao ya magari yanayojiendesha, wakaendelea kwa kufunga vifaa vyao kwenye magari ya Chrysler na Jaguar. Hata Apple, miaka yote ile ikihangaika na Titan, ilikuwa tayari imo ndani ya mamilioni ya magari kupitia CarPlay, programu inayoileta iPhone kwenye skrini ya gari, bila kumiliki hata boliti moja. Xiaomi wenyewe waliiweka CarPlay kwenye SU7 ili wasimpoteze mwenye iPhone. Siwacheki, ni ujanja wa sokoni.

Kwa hiyo kwa Apple nasema walifanya sawa kuacha, na walikosea kutumia miaka kumi kufika hapo, kwa sababu ile tofauti ya faida kati ya simu na magari ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Dyson aliacha mapema na kwa fedha zake mwenyewe, namheshimu. Xiaomi wameshavuka, hakuna kurudi. Kuanzia sasa wapimwe kama watengenezaji wa magari, kwa spea, kwa ajali, kwa miaka, wala si kwa dakika 27 za oda.

Na kwa kuwa mgeni wetu wa mamlaka ya viwango yuko hapa mbele, nina ombi dogo. Magari haya yatafika. Wakaguzi wa magari yaliyotumika watatazama breki, taa, chasisi, na ni sawa. Naomba waongeze maswali mawili kwa yale ya umeme. Akaunti ya gari inaweza kuhamishwa kwa mmiliki mpya bila kumtafuta wa kwanza? Na mtandao ukikatika, gari litawaka, litachaji, na milango yake itafunguka kwa mkono? Hilo la milango China wenyewe wameshalitungia kanuni, baada ya vitasa vya umeme kuwatia wasiwasi. Muuzaji asiyeweza kuyajibu, gari libaki bandarini kwake.

Karibuni kwa maswali. Anayetaka kumtetea Sinclair na aanze yeye, nimemwona kijana pale nyuma amekunja uso tangu nilipotaja bei.